Dawa ya kufunga tumbo isitangulie maji na chumvi

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

SAFARI ya basi kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni ya kilometa zipatazo 450. Msafiri aliyeamka na tumbo la kuendesha mara nyingi hupitia dukani, akanunua vidonge vya "kufunga tumbo", akavimeza na kupanda basi. Sababu yake inaeleweka, kwani hakuna apendaye kumsimamisha dereva kila baada ya nusu saa. Hata hivyo, vidonge hivyo vinaweza kumficha mgonjwa hatari inayomkabili.

Pwani hii imeonja hatari hiyo tangu zamani. Mwingereza Richard Burton alipofika Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859, alikuta kipindupindu kikiangamiza watu. Mwaka 1997 ugonjwa huo uliwapata zaidi ya watu 40,000 nchini Tanzania na kuua zaidi ya 2,000. Mwaka 2015 ulizuka tena kuanzia Dar es Salaam na kuenea mikoani.

Kinachoua katika kuharisha ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Dawa inavyofanya kazi

Dawa inayotumika zaidi kuzuia kuharisha ni loperamidi, ambayo wengine huifahamu kwa jina la Imodium. Hupunguza mwendo wa utumbo, lakini haiui vijidudu wala hairudishi maji yaliyopotea. Kwa mgonjwa wa kipindupindu, maji huendelea kumiminika ndani ya utumbo hata kama choo kimepungua. Mgonjwa hudhani amepata nafuu, kumbe anazidi kukauka.

Mtu mzima anayeharisha majimaji, asiye na homa wala damu kwenye choo, anaweza kuitumia kwa muda mfupi. Huanza na miligramu 4, yaani vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja kila baada ya choo cha majimaji. Bila ushauri wa daktari asizidishe miligramu 8 kwa siku, wala asiendelee zaidi ya siku mbili. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuzidisha dozi kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kusababisha kifo. Mjamzito na mwenye maradhi ya ini wamuone mtaalamu kwanza.

Asitumie kabisa dawa hii mtu mwenye homa kali, anayehara damu, aliyevimba tumbo au anayeshukiwa kuwa na kipindupindu.

Watoto wasipewe

Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za kuzuia kuharisha kwa watoto. Mwaka 1990 matone ya loperamidi ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya watoto wachanga nchini Pakistan kupooza utumbo na kufariki.

Kosa jingine ni kukimbilia Flagyl kwa kila kuharisha. Dawa hiyo hutibu amiba na jiadia. Haitibu virusi wala kipindupindu. Antibayotiki zisinunuliwe kwa kubahatisha.

Tiba ya kwanza

Tiba ya kwanza ni ORS. Pakiti ya lita moja ichanganywe katika lita moja kamili ya maji safi na salama, na yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumnywesha polepole.

Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi sita, na 20 akizidi umri huo. Aendelee kunyonya na kula.

Pakiti ikikosekana, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Madafu yanafaa kunywewa, lakini yana chumvi kidogo, hivyo hayachukui nafasi ya ORS.

Wahi kituo cha afya ukiona macho yametumbukia, mkojo umepungua, ngozi ikifinywa inarudi polepole, mgonjwa analegea, au choo kinafanana na maji ya mchele. Anza ORS nyumbani na uendelee kumnywesha njiani.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Songo Songo na Kilwa Kisiwani, ambao huvuka bahari kabla ya kufika hospitali ya wilaya. Hata wa bara hawana uhakika wa njia nyakati zote: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Kila nyumba na iwe na pakiti za ORS kabla mvua hazijaanza. Naye msafiri anayeharisha sana ni heri aahirishe safari, kwani basi jingine litakuwapo kesho.