Kutoka SMS hadi alama za reli: nani anatulisha uongo?

Kazi yangu ni kuandika programu, siasa nawaachia wenyewe. Leo lakini tuangalie jinsi uongo wa kisiasa ulivyohama vyombo hapa Kenya, na kila ulipohama, mwenye kuutuma akazidi kujificha.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, jumbe za uchochezi zilisambazwa kwa SMS. Katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Serikali ilifikiria kuzima SMS. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri badala yake wateja watumiwe jumbe za amani. Angalau wakati huo uliiona nambari ya aliyekutumia, hata kama hukujua nani aliuanzisha ujumbe.

Mwaka 2017 nambari ikatoweka. Tovuti iliyoitwa The Real Raila, iliyotangazwa kupitia Google, ilimchora Raila Odinga kama balaa la nchi. Video yake moja ilibuni Kenya ya 2020 iliyotekwa na Al-Shabaab. Mwenye tovuti hakujitaja. Desemba mwaka huo, shirika la Privacy International lilieleza kwamba ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya Texas, kwa niaba ya kampeni ya Uhuru Kenyatta.

Mwaka 2021 mbinu ikawa rahisi zaidi. Odanga Madung na Brian Obilo, katika ripoti ya shirika la Mozilla, walionyesha jinsi Wakenya walivyolipwa dola 10 hadi 15 hivi kusukuma alama za reli kwenye Twitter. Maagizo yalitoka WhatsApp, malipo M-Pesa. Miongoni mwa walioshambuliwa ni majaji wa kesi ya BBI.

Kwa nini ilifaulu? Programu inayochagua mada zinazovuma hupima kasi: jumbe ngapi zimeandikwa kwa muda mfupi, zikilinganishwa na kawaida. Haijui nani amelipwa. Kikundi kidogo kikiandika kwa pamoja, kinaonekana kama taifa zima. Mwananchi akiona hivyo ataamini kwamba nchi nzima imewakataa majaji wake, na hapo ndipo hatari ilipo.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Siku hizi, kabla ya kulisambaza, uliza kwanza kama halijalipiwa.