Chuo cha Henry Rono na ligi iliyovunjika

Wakenya waliofuatilia riadha mwaka 1978 hawajamsahau Henry Rono. Katika siku 81 alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, katika mji mdogo wa Pullman uliozungukwa na vilima vya ngano, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mkimbiaji mwenzake Samson Kimobwa alisoma hapo pia, na baadaye Bernard Lagat.

Katika vyuo vikubwa vya Marekani, michezo kama riadha huishi kwa fedha za futiboli ya Kimarekani. Fedha hizo nazo hutegemea chuo kiko ligi gani.

Ligi ya pwani ya Pasifiki iliundwa Desemba 1915 katika hoteli moja mjini Portland, na vyuo vinne: California, Washington cha Seattle, Oregon na kile kinachoitwa leo Oregon State. Washington State kiliingia mwaka 1917. Enzi hizo timu zilisafiri kwa treni, hivyo mpinzani wako alikuwa jirani yako.

Mwaka 1959 ligi hiyo ilivunjika kutokana na kashfa ya malipo ya siri kwa wachezaji. Vyuo vitano vyenye nguvu viliunda ligi mpya na kuwaacha wengine nje. Washington State kilisubiri hadi 1962 ndipo kikapokelewa. Idaho, kilichoko kilomita zipatazo 13 tu kutoka Pullman, hakikupokelewa kamwe. Kilihangaika kwa miongo kadhaa, kikahama ligi moja hadi nyingine, na mwaka 2018 kikashuka daraja la futiboli. Anayetaka kujua chuo kinaweza kufikia wapi kikikosa ligi, basi aangalie ng'ambo ya mpaka wa jimbo.

Kilichobadilisha kila kitu ni televisheni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliinyang'anya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kudhibiti matangazo ya mechi. Hatimaye kila ligi ikawa inauza mechi zake yenyewe, na miji yenye watazamaji wengi ikapanda bei. Pullman haina watazamaji hao. Uwanja wake wa watu wapatao 33,000 ulikuwa mdogo kuliko yote katika Pac-12, jina ambalo ligi hiyo iliyoundwa 1959 ilianza kulitumia mwaka 2011.

Juni 30, 2022, USC na UCLA vya Los Angeles vilitangaza kuhamia Big Ten, ligi ambayo muda mfupi baadaye ilisaini mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7. Colorado nacho kikaondoka Julai 2023, kwenda ligi ya Big 12. Asubuhi ya Agosti 4, viongozi wa vyuo tisa vilivyobaki walitarajiwa kukubaliana juu ya mkataba wa matangazo na Apple. Badala yake, siku hiyo hiyo Oregon na Washington viliondoka kwenda Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12. Septemba, Stanford na California vikajiunga na ligi ya pwani ya Atlantiki.

Wakabaki wawili: Washington State na Oregon State. Walikwenda mahakamani kudai usimamizi wa ligi na mali yake, wakashinda. Lakini ushindi huo haukuwapa wapinzani wa kucheza nao.

Timu yenyewe ya futiboli ya Washington State haikuwa na kosa. Mwaka 2018 ilishinda mechi 11 kati ya 13. Septemba 14, 2024, ilikutana na Washington mjini Seattle. Ikiongoza 24–19, zikiwa zimebaki kama dakika moja, wenyeji walikuwa yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa goli, wakiwa na jaribio lao la mwisho. Walizimwa. Chuo kilichoonekana hakifai kukaa meza moja na wakubwa kilimshinda mkubwa aliyekitelekeza.

Ushindi kama huo haulipi mishahara. Juni 2025 chuo kilifuta michezo ya kuruka na kurusha katika timu yake ya riadha, kikapunguza nafasi za mbio fupi, kikaelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Njia ya kina Rono imesalia, lakini wanariadha wa michezo mingine wamelipia uamuzi wa vyuo vilivyohama.

Mwaka 2026 Pac-12 inaanza upya na vyuo vinane vya futiboli, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa, vikiwemo Boise State, Fresno State na Texas State. Ni ligi halali, na kwa maoni yangu itakiokoa chuo cha Pullman kisiishie kama Idaho. Haitakirudishia mapato ya zamani. Ndiyo maana wakuu wa Washington na Washington State, vyuo vya jimbo moja, hawapaswi kuiacha mechi kati yao ife. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1900, na makubaliano yaliyopo yanaishia 2028.