Kuandika kwa Jina la Mtoto

Ukiyasikiliza mazungumzo ya siku hizi kuhusu mama anayeandika, utadhani ulezi na uandishi ni mafahali wawili katika zizi moja. Mtoto akiamka, kalamu hulala. Kwa mama asiye na wa kumsaidia hilo ni kweli tupu, lakini si kanuni ya historia nzima. Katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, maandishi mawili ya wanawake yanayojulikana kuliko yote yaliandikwa kwa ajili ya watoto wao. Ninachodai ni kwamba mtoto ndiye aliyempa mwanamke ruhusa ya kuandika, na kwamba ruhusa hiyo ilikuja na masharti.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858. Alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate aliyepambana kwa miaka mingi na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, alifariki mwaka 1856. Mjane mwenyewe alikuwa ameugua yapata mwaka mzima. Anaanza kwa kumwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi, kwa kuwa yamo moyoni mambo anayotaka kumwambia. Mlezi na mtunzi hapo ni mtu mmoja kwa saa ile ile, na binti ndiye karani. Bahari ya utendi nayo ilimfaa: ubeti wa vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikishika kina cha utendi mzima, hukaa kichwani bila taabu. Beti kadhaa zaweza kutungwa kitandani, zikakaririwa, zikaandikwa siku nyingine. Riwaya haitungiki hivyo, na nadhani hii ni sababu mojawapo ya mama yule kutuachia utendi.

Masharti yenyewe yanaonekana katika yale aliyoyasema na yale aliyoyaacha. Mume akandwe, anyolewe, afukizwe udi. Atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. (Hata mume, kumbe, anaingia katika utendi huu kwa mlango wa ulezi.) Lakini vita vya Siu havisimuliwi, ilhali mwanamke huyu aliishi katika nyumba ya mtawala wakati watu wa mji huo walipoyashinda majeshi ya Sayyid Said mwaka 1844. Sidhani kwamba hakuwa na la kusema. Mama anayemuusia bintiye alikuwa na haki ya kusikilizwa akizungumzia ndoa, dini na adabu. Juu ya siasa, haki hiyo hakupewa na mtu.

Mfano wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said huyo huyo, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844. Wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifunza herufi kwa siri, akizinakili kwenye mfupa wa bega la ngamia, na alipofika miaka 15 alikuwa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash ya kutwaa kiti cha Sultani. Baadaye aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mume alifariki mwaka 1870 baada ya ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Mjane akaanza kufundisha Kiarabu ili wapate kula. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886, na katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuziandika miaka tisa kabla, kwa ajili ya watoto wake tu, wajue asili ya mama yao. Ile ndiyo ruhusa ninayoizungumzia. Ila kitabu kilipotoka kilikuwa kimevuka mipaka ya wosia: kinawajibu Wazungu kuhusu mwanamke wa Mashariki, na kinadai haki yake ya urithi mbele ya umma wa Wajerumani.

Mtu atapinga: hawa ni mabibi wa nyumba za watawala, waliotumikiwa na watumwa, basi wanathibitisha nini? Pingamizi hili lina uzito, na Mwana Kupona mwenyewe analitia nguvu, kwa kuwa anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Saa za utunzi zilikuwa jasho la wanawake wengine, ambao nao walikuwa mama, na ambao tenzi zao hatunazo. Hata hivyo, utumwa unaeleza nafasi ilipatikana wapi, hauelezi kwa nini nafasi hiyo ilitumika kuandika, tena kumwandikia mtoto. Salme aliandika akiwa ugenini, mbali na jumba la baba yake na watumishi wake, akitegemea masomo aliyofundisha, na bado sababu aliyoitoa ilikuwa watoto.

Wengine watasema kwamba wosia kwa mtoto haukuwa wa wanawake peke yao. Kweli. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Lakini baba huyo aliandika pia Kusadikika, wasifu wa Siti binti Saad na utenzi wa vita kuu, bila kulazimika kumtaja mtoto ili asikilizwe. Kwake wosia ulikuwa chumba kimoja katika nyumba kubwa. Kwa Mwana Kupona, kwa kadiri ya kilichosomwa na wengi, ulikuwa karibu nyumba nzima.

Ndiyo maana Penina Muhando ana uzito katika historia hii. Akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tamthilia moja baada ya nyingine tangu Hatia ya mwaka 1972, na hakuhitaji kujificha nyuma ya wosia. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na kushindwa, kila mmoja akivutwa na shida za nyumbani kwake. Mzigo wa nyumba, ambao katika utendi wa 1858 ni wajibu wa kufundishwa binti, sasa umekuwa mada ya kujadiliwa jukwaani mbele ya watu wote. Tofauti ya mioyo ya watunzi hawa haitoshi kueleza mabadiliko hayo. Muhando alikuwa na mshahara wa chuo, wachapishaji wa Kiswahili na hadhira iliyosomeshwa na serikali. Mwana Kupona alikuwa na binti mmoja aliyeshika kalamu.