Kumkamata Mwenye Upanga: Zana Tatu za Mipini Mirefu katika Japani ya Tokugawa

Katika enzi ya Tokugawa (1603–1868), msafiri aliyefika kwenye kituo cha ukaguzi barabarani nchini Japani alikuta zana tatu zimesimamishwa pamoja, vichwa juu, ili azione: sasumata, tsukubo na sodegarami.

Sasumata ilikuwa na panda ya chuma mithili ya manati, ya kumbana mtu shingo au kiungo ukutani au chini. Tsukubo, yenye kichwa cha umbo la herufi T, ilitumika kumsukuma na kumwangusha. Sodegarami ndiyo iliyobuniwa kwa werevu zaidi. Kichwa chake kilijaa kulabu, na shabaha yake haikuwa mwili bali nguo: mpini ulipozungushwa, mkono mpana wa kimono ulijisokota humo na aliyeuvaa akashindwa kuinua upanga. (Kwa mtu aliye kifua wazi, bila shaka, isingefaa sana.) Karibu na kichwa, mpini ulizungushiwa miiba ya chuma ili anayekamatwa asiushike.

Urefu wa mpini, takribani mita 2, unalieleza tatizo lenyewe. Samurai alikuwa na haki ya kubeba panga mbili. Askari alipaswa kukaa mbali na makali hayo na bado amlete mtu huyo akiwa hai. Kwa nini hai? Ni rahisi kuiona hapa huruma ya watawala. Makala haya hayakubali. Kanuni zilizokusanywa mwaka 1742 chini ya shogun Tokugawa Yoshimune, yaani Kujigata Osadamegaki, ziliendeleza mfumo uliotegemea mno ungamo la mshtakiwa, na ambao uliruhusu mateso katika makosa mazito ili ungamo lipatikane. Maiti haiungami. Zana hizi ziliuhifadhi uhai wa mtu kwa ajili ya chumba cha mahojiano.

Amri ya mwaka 1876 ilipopiga marufuku ubebaji wa panga hadharani, sababu ya zana hizi ilififia. Hata hivyo, sasumata haikutoweka. Kwa kuwa ilitumika pia kubomolea nyumba ili moto usienee, umbo lake limebaki alama ya kituo cha zimamoto katika ramani za Japani. Na baada ya shambulio la mwaka 2001 katika shule ya msingi ya Ikeda, Osaka, ambapo wanafunzi 8 waliuawa, shule nyingi zilinunua sasumata za alumini zisizo na miiba. Anayeishika leo ni mwalimu, na kazi yake ni kumzuia mvamizi hadi polisi wafike.