Perovskaiti na Kupasua Maji

Perovskaiti haitafsiriki, na isitafsiriwe. Neno hili lilianza kama jina la jiwe. Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural, akalipa jina la Lev Perovski, Mrusi aliyeshughulikia madini. Jiwe lenyewe ni kalisi, titani na oksijeni.

Hapo ndipo msomaji hupotea, maana perovskaiti za umemejua hazina kalisi wala titani. Nyingi zina risasi na iodini. Kilichobaki ni mpangilio wa atomu tu. Ni kama nyumba ya msonge: ukisema msonge hujasema imejengwa kwa miti, udongo au nyasi, umesema umbo. Basi jina tulikope, maelezo ndiyo yawe yetu.

Mwaka 2014, katika maabara ya Michael Grätzel kwenye chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi, seli mbili za umemejua za perovskaiti ziliunganishwa ili kutoa haidrojeni kwenye maji. Asilimia 12.3 ya nishati ya mwanga iliishia kwenye haidrojeni. Mbili kwa nini? Kinadharia maji hudai volti 1.23, kiutendaji hudai zaidi, kiasi cha 1.5 na kuendelea. Seli moja ya silikoni hutoa kama volti 0.7, kwa hiyo zingehitajika tatu au zaidi. Ya perovskaiti inaweza kuvuka volti 1. Vichocheo navyo vilikuwa nikeli na chuma, si platini ya bei ghali.

Na tendo lenyewe tuliiteje? Ukiandika “kuchanganua maji” umepotoka: kuchanganua ni kinyume cha kuchanganya, na maji si mchanganyiko. Haidrojeni na oksijeni zimeungana zikawa kitu kingine kabisa. “Kupembua” nako ni kwa mchele na chuya, vitu vilivyokaa pamoja bila kushikana. Elektrolisisi ni sahihi, ila haimwonyeshi msomaji chochote. Mimi naandika kupasua maji, kama apasuavyo kuni mtu mwenye shoka, kwa sababu bila nguvu hayaachani, na nguvu hiyo hapa ni jua.

Ila nisingeandika “seli ya kupasua maji”. Perovskaiti ya risasi na iodini huharibiwa na unyevu, hivyo huko Lausanne seli zilikaa pakavu, nyaya zikapeleka umeme kwenye elektrodi zilizozama majini. Zilizopasua ni elektrodi.