Mwili Ukihamia Mjini: Miaka 80 ya Kupima Presha na Sukari Afrika Mashariki

Hebu ikumbuke siku uliyoondoka nyumbani kwenda mjini, iwe kwa masomo au kutafuta kazi. Begi moja, namba ya simu ya mjomba aliyeahidi kukupokea stendi, na chakula cha njiani alichokufungia mama. Mwaka mmoja baadaye unarudi likizo, na kabla hujatua mzigo shangazi anakwambia, "We mtoto umenenepa! Mji umekukubali." Mnacheka, maisha yanaendelea.

Nyuma ya kicheko hicho kuna swali lililowasumbua madaktari na watafiti wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Mtu yuleyule, ukoo uleule, damu ileile: akibadilisha mahali pa kuishi, mwili wake hubadilika kiasi gani? Na huchukua muda gani kubadilika? Majibu yake yalipatikana hapahapa kwetu, kati ya Kisii, Kampala, Nairobi, Kilimanjaro, Morogoro na Dar es Salaam. Tuifuate safari hiyo.

Kisii, 1929

Miaka ya 1920, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison alikuwa akifanya kazi Kisii, magharibi mwa Kenya. Katika miaka miwili hospitali ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na kati yao hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, ule ambao mtaani tunauita presha. Akashangaa. Akachukua kipimo, akapima presha za watu wapatao 1,000 wa eneo lile, kisha mwaka 1929 akachapisha matokeo katika jarida la Lancet la London.

Kwa nini alishangaa? Kwa sababu huko Ulaya madaktari waliona presha kupanda na umri ni jambo la kawaida, kama mvi. Ukizeeka, inapanda, basi. Lakini Donnison alikuta kwamba mpaka kwenye umri wa miaka 40 hivi watu wa Kisii walikuwa na presha sawa na ya Wazungu, na baada ya hapo presha yao haikupanda. Ilielekea kushuka.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Kama kuna mahali hata pamoja duniani ambapo watu wanazeeka bila presha kupanda, basi kupanda kwa presha si sheria ya uzee. Kuna kitu kinachoipandisha.

Kitu gani sasa? Mwaka 1937 Donnison alitoa kitabu kizima juu ya ustaarabu na maradhi, akielekeza kidole kwenye msongo wa akili unaoletwa na maisha ya kisasa. Lakini takwimu zake zilikuwa na tundu kubwa. Mtu aliyezaliwa Kisii kabla ya 1890 hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri ulikuwa wa kukadiria. Tena, ukilinganisha Kisii na London, vitu vinavyotofautiana ni vingi mno: chakula, kazi, maradhi ya kuambukiza, hali ya hewa, na hata rangi ya ngozi. Katika enzi ya ukoloni ilikuwa rahisi sana mtu kusema: "Aa, Mwafrika ndivyo alivyoumbwa, presha si ugonjwa wake." Ukishaamini hivyo, huna haja ya kubeba kipimo cha presha kwenda kijijini.

Mulago yabadilika

Mwaka huohuo wa 1929, daktari mwingine, Hugh Trowell, aliwasili Kenya. Baadaye alihamia Uganda na kufanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Huyu alikaa muda wa kutosha kuona jambo ambalo mgeni wa miaka miwili asingeliona: wodi zenyewe zilikuwa zinabadilika. Maradhi ambayo mwanzoni hayakuonekana kabisa yalianza kujitokeza mjini. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Yaani mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa makala! Mwaka 1960 Trowell alichapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, na mwaka 1980 akaandika makala kueleza jinsi Wakenya na Waganda walivyotoka kwenye presha ya kawaida hadi presha ya juu kati ya 1928 na 1978.

Miaka 50 ni midogo mno kwa jeni za watu kubadilika. Kilichobadilika ni mazingira.

Hata hivyo, mtu mbishi angeweza kuuliza: je, kama wanaohamia mjini ni watu tofauti tangu mwanzo? Labda wenye mwili wa kupata presha ndio hao hao wenye hamu ya kuhama. Kulijibu hilo, kulinganisha mji na kijiji hakutoshi. Lazima umfuate mtu anapohama.

Askari wa Kisamburu na wageni wa Nairobi

Hatua moja ya kuelekea huko ilikuja mwaka 1969. A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana wa Kisamburu, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, waliojiunga na jeshi. Kijana aliyezoea maziwa ya ng'ombe sasa anakula posho ya jeshi, chumvi ikiwemo. Miili ya askari hawa ilionyesha mabadiliko, na presha ikiwa mojawapo.

Kisha ukaja utafiti wa Waluo, uliochapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitabibu la Uingereza. Neil Poulter na wenzake wa Uingereza na Kenya waliwafuata watu zaidi ya 300 waliotoka vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi. Waliwapima mara tu walipofika, kisha wakarudia tena na tena kwa miaka 2, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini.

Matokeo? Tofauti haikusubiri uzee. Tangu vipimo vya mwanzo mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu ya wale waliobaki. Mapigo ya moyo yao yalikuwa ya kasi zaidi. Mkojo wao ukasema la ziada: sodiamu, inayotoka kwenye chumvi, ilikuwa nyingi ukilinganisha na potasiamu, inayotoka zaidi kwenye mboga, matunda, maharage na viazi. Ni kundi zima lililosogea juu, na si watu wachache wenye bahati mbaya.

Ndani ya mwili kunatokea nini?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Moja ya homoni zake ni aldosteroni, na kazi yake ni kuiambia figo: "Chumvi hiyo usiiache ipotee." Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu hiyo ilikuwa kazi ya maana sana, kwa sababu mbali na bahari chumvi ilikuwa adimu. Watu walisafiri siku nyingi kuitafuta.

Sasa mtu huyo mpeleke mahali ambapo chumvi iko kwenye mkate, kwenye chipsi, kwenye supu ya asubuhi, na juu ya meza imo nyingine ya kunyunyiza. Aldosteroni itapungua, ndiyo, lakini figo bado ina mzigo wa kutoa sodiamu nyingi. Chumvi huvuta maji, kiasi cha maji katika mzunguko wa damu huongezeka, na kwa watu wengi mwili hulazimika kupandisha presha ili figo iweze kusukuma ziada hiyo nje. Potasiamu huisaidia figo katika kazi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeongeza chumvi na kupunguza mboga amejipiga mara mbili. Ongeza na homoni za msongo, kama adrenalini, zinazoharakisha moyo mtu anapohangaika na kodi ya chumba na kazi isiyo na uhakika, na utaona kwamba Donnison hakukosea kabisa. Alikuwa ameshika kipande tu.

Na sukari je?

Upande wa kisukari, Tanzania ina kumbukumbu nzuri. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6. Waliokuwa na kisukari walikuwa asilimia 0.87 tu, chini ya mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2000 utafiti mwingine ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Shari: wanaume asilimia 1.7, wanawake 1.1. Ilala: wanaume asilimia 5.9, wanawake 5.7. Nchi moja, na tofauti inapita mara 3.

Hapa homoni mhusika ni insulini, inayotoka kwenye kongosho na kuwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia kwenye seli. Mnunuzi mkubwa wa sukari hiyo ni misuli. Tena misuli inayofanya kazi, ya mtu anayelima, anayebeba maji au anayepanda mlima, hufungua milango yake ya sukari hata bila kusubiri insulini. Ukiketi siku nzima, milango hiyo inabaki imefungwa na insulini inabeba kazi yote peke yake. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, seli zinaanza kuipuuza. Kongosho inaongeza insulini, inaongeza tena, mpaka siku inashindwa. Hapo ndipo kipimo kinasoma kisukari.

Morogoro mpaka Dar: hadithi inagoma kunyooka

Ukiishia hapa utasema, basi, mji ni sumu. Subiri kidogo. Mwaka 2010 Nigel Unwin na wenzake walichapisha utafiti wa kuwafuata watu kutoka vijiji vya Morogoro hadi Dar es Salaam. Uzuri wake ni kwamba waliwapima kabla hawajaondoka. Yule mbishi wetu akanyamaza.

Ndani ya miezi 12, wahamiaji walikuwa wameongezeka kilo 2.3 hivi kwa wastani, wanaume kwa wanawake. Wanaume wenye kazi au mazoezi ya nguvu walishuka kutoka asilimia 79 hadi 27. Shangazi alikuwa sahihi! Nyama nyekundu iliongezeka. Lakini matunda na mboga mbichi navyo viliongezeka, na presha, badala ya kupanda kama kwa Waluo wa Nairobi, ilishuka.

Sasa tufanyeje na matokeo hayo? Tusiyafiche. Yanatufundisha kwamba "mji" si kitu kimoja. Nairobi wakati wa utafiti wa Poulter na Dar es Salaam wakati wa utafiti wa Unwin ziliwapa wageni wao vyakula tofauti na kazi tofauti, na miili ikajibu kilichowekwa mbele yake. Mwili hausomi jina la mji kwenye kibao cha barabarani. Unasoma chumvi, mboga, hatua unazotembea, usingizi na wasiwasi.

Wala kijiji cha zamani hakikuwa paradiso. Trowell yuleyule aliyeona presha ikiingia Kampala alitumia miaka mingi kuchunguza kwashiakoo, utapiamlo uliokuwa ukiua watoto. Hakuna anayetaka kurudi huko.

Kwa nini basi historia hii itushughulishe? Kwa sababu bado tunazungumza kana kwamba presha na kisukari ni uzembe wa mtu binafsi, au ni "ugonjwa wa ukoo wetu" usiokwepeka. Ukoo una sehemu yake, na uamuzi wako una sehemu yake. Lakini wale Waluo zaidi ya 300 hawakuwa wazembe wote kwa mpigo, siku walipokanyaga Nairobi. Walikula kilichopatikana kwa bei waliyoiweza. Anayeamua kiasi cha chumvi kwenye mkate, bei ya mchicha karibu na kituo cha basi, na kama kuna njia ya waenda kwa miguu, anashika sehemu ya presha yako, hata kama hajawahi kuvaa koti jeupe.

Ukirudi likizo, kabla ya kucheka na shangazi, piteni pamoja kituo cha afya mkapime presha na sukari. Nyote wawili, maana chumvi, soda na bodaboda zimeshafika na kwake pia.