Namba 42-17724: ndege ya wanagenzi wa Tuskegee

Mwaka 2005 Matt Quy, kapteni wa Jeshi la Anga la Marekani aliyekuwa California, alinunua ndege isiyoweza kuruka. Ilikuwa Stearman kuukuu, iliyowahi kufanya kazi ya kunyunyizia dawa mashambani hadi ilipoanguka. Quy na mkewe, Tina, hawakujua ilikotoka wala ni nani walioirusha kabla ya wakulima. Walijua tu kwamba ni ndege nzuri iliyoharibika, wakaamua kuiunda upya. Kazi hiyo iliwachukua miaka mitatu.

Kwa anayezijua ndege hizi, hadi hapo hakuna habari. Stearman zilitengenezwa Wichita, Kansas, katika kiwanda alichokianzisha Lloyd Stearman na ambacho baadaye kikawa tawi la kampuni ya Boeing. Ukijumlisha matoleo yote, zilizoundwa zinazidi 8,000. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani yote mawili yalizitumia kumfundishia kijana ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege. Hakuna rubani wa Marekani wa kizazi kile asiyeifahamu, hata kama yeye mwenyewe alifundishwa kwa ndege nyingine.

Na ilikuwa mwalimu mkali. Ina mabawa mawili, la juu na la chini, yenye mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa, na kiwiliwili cha mabomba ya chuma. Viti ni viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi kwa upepo. Mkufunzi hukaa mbele na mwanafunzi nyuma. Injini ikishanguruma hawasikilizani, kwa hiyo mkufunzi alisema kupitia mpira uliounganishwa na masikio ya kofia ya mwanafunzi. Mpira huo ulipeleka sauti upande mmoja tu: mwanafunzi aliyesemwa hakuwa na njia ya kujitetea. Magurudumu ya mbele yamekaribiana, na ukizembea baada ya kutua, ndege hugeuka ghafla kama ng'ombe aliyekataa kamba, bawa likakwaruza ardhi. Wengi walikwaruza.

Vita vilipokwisha, jeshi halikuwa na haja nazo. Ziliuzwa kwa maelfu, na walionunua kwa wingi walikuwa watu wa mashambani. Kiti cha mbele kiling'olewa, tangi la dawa likawekwa mahali pake. Injini yenye nguvu za farasi 220 ikatolewa, ikafungwa nyingine yenye nguvu maradufu. Ikianguka moja, mabawa yake yalihamia kwa nyingine, mkia ukaenda kwa ya tatu. Ndiyo maana Stearman nyingi tunazoziona leo kwenye maonyesho ni mchanganyiko wa ndege kadhaa zilizokufa, zikibeba jina la moja.

Ndege za mafunzo zina mkosi huo popote duniani. Ndege ya kivita hutunzwa kwa sababu ya jina lake; mtu huikumbuka, huitafuta, huilipia. Ya mafunzo huonekana kama dawati la shule: likichakaa linachomwa. Uingereza iliunda Miles Master zaidi ya 3,200, ambazo ziliwafundisha marubani walioingia kwenye ndege za kivita za Spitfire na Hurricane, na leo hakuna hata moja iliyo nzima, iwe kwenye jumba la maonyesho au ghalani. Hata huku kwetu, mwishoni mwa 1939, Roald Dahl, mwandishi wa baadaye ambaye wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Shell mjini Dar es Salaam, aliendesha gari hadi Nairobi kwenda kufundishwa urubani kwa Tiger Moth. Dahl tunamkumbuka. Namba za mkiani za zile Tiger Moth, ni nani anazikumbuka?

Namba ndiyo ufunguo wenyewe. Kila ndege ya jeshi la Marekani ilipewa yake, na hii ya Quy ilikuwa 42-17724. Msomaji asidhani 42 ni mwaka ilipotoka kiwandani. Ni mwaka wa bajeti ulioigharamia oda yake, na ndege yenyewe iliundwa 1944. Mkiani huandikwa bila tarakimu ya kwanza, yaani 217724, jambo ambalo limewapoteza watafutaji wengi. Jeshi lilifungua kadi kwa kila namba: ndege imepokelewa lini, imepelekwa kituo gani, imehamia wapi, imefutwa lini kwenye hesabu. Kadi hizo zilihifadhiwa kwenye filamu ndogo katika kituo cha utafiti wa historia cha Jeshi la Anga, Maxwell, mjini Montgomery, Alabama. Huko mtu anaweza kujua maisha ya ndege ambayo hajawahi kuigusa, na pia kugundua kwamba anayoimiliki si ile aliyoambiwa.

Quy aliuliza habari za namba yake. Jibu likasema kwamba kati ya 1944 na 1946 ndege hiyo ilitumika Moton Field, Tuskegee, Alabama. Mzaha mmoja wa jiografia: kutoka Maxwell hadi Tuskegee ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari.

Hapo thamani ya vyuma vile ilibadilika, ingawa hakuna msumari ulioongezwa. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba watu weusi hawana akili wala ujasiri wa kushika nafasi nzito vitani. Kwa fikra za namna hiyo, urubani wa kijeshi ulifungwa kwao hadi 1941, jeshi liliposhinikizwa kufungua mafunzo, tena kwa kuwatenga, katika Tuskegee, kwenye taasisi aliyoiongoza Booker T. Washington tangu 1881. Mafunzo ya awali yalifanyika Moton Field, uwanja uliobeba jina la Robert Moton, mrithi wa Washington. Aliyefaulu pale alihamia kwenye uwanja mkubwa wa jeshi uliokuwa jirani. Machi 1942 walihitimu marubani watano wa kwanza, kati ya 13 walioanza. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1946 walikuwa wamefika karibu 1,000.

Mkufunzi mkuu wa Moton Field alikuwa Charles Alfred Anderson, aliyeitwa Chief, na huyu anastahili makala yake peke yake. Alipokuwa kijana hakuna aliyekubali kumfundisha, kwa hiyo alinunua ndege yake mwenyewe na kujifunza kwa kuokota maarifa huku na huku hadi akapata leseni mwaka 1929. Machi 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alitembelea Tuskegee, akauliza kama kweli watu weusi wanaweza kurusha ndege, kisha akapanda na Anderson, walinzi wake wakibaki chini roho mkononi. Picha yao ilisambaa. Mama huyo alikuwa pia mjumbe wa bodi ya mfuko wa Rosenwald, ambao ndio uliotoa mkopo wa kujengea Moton Field.

Habari ya Tuskegee ina mguu mmoja Afrika Mashariki, nao hautajwi inavyostahili. John Robinson, mhitimu wa ufundi wa magari wa taasisi hiyo, alijifunzia urubani Chicago, na mwaka 1934 alirudi kwa ndege kuushawishi uongozi uanzishe shule ya anga. Haikuanza wakati huo. Mwaka uliofuata alikwenda Ethiopia kumtumikia Haile Selassie, akaliongoza jeshi lake dogo la anga wakati wa uvamizi wa Mussolini. Alirudi tena Addis Ababa mwaka 1944 kufundisha marubani, akafa huko 1954 kutokana na ajali ya ndege. Ukiniuliza mimi, hadithi ya Tuskegee iwe inaanzia kwake.

Quy alipojua alichonacho, aliipa ndege jina Spirit of Tuskegee, akaanza kuipeleka kwenye maonyesho na kuwaalika wazee waliofundishwa Alabama. Wengine walipanda tena, wakiwa na zaidi ya miaka 80. Aliwaomba watie saini ndani ya mlango wa sehemu ya mizigo, mahali ambapo mvua na jua havifiki.

Wakati huohuo, katika jiji la Washington kulikuwa na jumba la makumbusho lisilo na jumba. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuanzisha makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi mwaka 2003, na Lonnie Bunch alipoteuliwa kuwa mkurugenzi mwaka 2005, mwaka uleule Quy aliponunua gofu lake, hakukuwa na kiwanja wala kifaa hata kimoja. Ndugu mkubwa wa makumbusho hayo katika taasisi ya Smithsonian, makumbusho ya anga, alikuwa na shida ya kinyume: ndege nyingi kuliko nafasi. Tangu miaka ya 1950, mhifadhi wake, Paul Garber, alikuwa amezihifadhi Silver Hill, Maryland, baada ya kufukuzwa na vita vya Korea kwenye kiwanda walimokuwa wamezilundika karibu na Chicago. Mabawa huvuliwa, injini hufungwa, kila kipande hupewa lebo. Utajiri ni mwingi mle, lakini Stearman iliyothibitika kutoka Moton Field ilibidi itafutwe nje, kwa mtu binafsi.

Kiangazi cha 2011 Quy aliirusha kutoka California hadi jirani na Washington, akitua Moton Field njiani, kisha akaikabidhi. Ikahifadhiwa Udvar-Hazy, Virginia, kwenye mabanda makubwa ya makumbusho ya anga, hadi jumba jipya lilipofunguliwa Septemba 24, 2016. Sasa imening'inizwa ndani yake, ya bluu yenye mabawa ya njano.

Wapo wapenzi wa ndege wanaosema ndege inayoweza kuruka isifungwe kamba darini. Kwa nyingine naweza kukubaliana nao. Kwa hii hapana. Kutua vibaya mara moja tu, kwa ndege inayojulikana kwa kuponyoka ardhini, kungetosha kuondoa mlango ule wenye saini. Anayetaka kusikia mngurumo wa Stearman bado anazo mamia zinazoruka, na kila Septemba wenye nazo hukusanyika Galesburg, Illinois. Aende na kalamu, anakili namba za mikiani.